Kompyuta Haikumwaga Maziwa

Msomaji mpendwa, nina donge moyoni ambalo nimeona heri nilitoe katika jarida hili la chama chetu kabla halijanikaba koo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeyaficha yangu mwaka mzima. Leo nayaweka peupe. Anayetaka kucheka na acheke, lakini akimaliza anisikilize, kwa maana nina neno la kusema juu ya kompyuta zetu na jinsi tunavyozitumia hapa shuleni.

Wengi wenu mnaikumbuka siku ya maonyesho ya sayansi mwaka wa 2025. Nyinyi ambao hamkuwepo, hasa ndugu zetu wa Gredi ya Kumi, mmesikia kwa vinywa vya watu kwamba kuna msichana wa Kidato cha Pili aliyewamwagia waamuzi maziwa. Ati alimwaga lita kumi! Si kweli. Zilikuwa chupa tatu tu. Na msichana huyo ni mimi.

Mambo yalianza hivi. Mama yangu huuza maziwa lala sokoni Ol Kalou. Kila alfajiri, baridi ya Nyandarua ikiwa bado inauma vidole, yeye hujaza chupa moja baada ya nyingine kwa jagi na faneli. Mkono mmoja unashika chupa, mwingine jagi, na kifuniko kinasubiri. Siku moja nilipokuwa nikimsaidia, wazo likanijia. Je, kama kungekuwa na meza ndogo ya mviringo, chupa zimepangwa juu yake, chupa moja inasimama chini ya bomba, inajazwa, halafu meza inasogea na nyingine inakuja? Mama angebaki na kazi ya kufunika tu.

Wazo zuri, au sivyo? Lakini liangalie vizuri. Gurudumu la kinu cha kusagia mahindi huzunguka mfululizo bila kupumzika, na hiyo ndiyo kazi yake. Meza yangu haikutaka mwendo huo. Ilitaka mwendo wa matatu: kwenda, kusimama steji, kisha kwenda tena. Tena isimame mahali pale pale kila mara, maana ikipitiliza hata kidogo maziwa yatamwagika nje ya chupa. Na ajabu ni kwamba mkono unaozungusha mpini hausimami. Ni meza tu inayosimama.

Nilipoanza kutafuta, nilikuta kwamba watu wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Njia ya kwanza ni gia yenye mapengo. Unachukua gia ya kawaida, unaondoa baadhi ya meno, unaacha machache. Meno yaliyobaki yakifika, yanaisukuma gia ya pili. Pengo likifika, ya pili inatulia. Vihesabio vya tarakimu katika mita nyingi za maji hufanya kazi kwa jambo linalofanana na hilo: gurudumu la kwanza likimaliza mzunguko mzima, la pili linasogea tarakimu moja tu, kisha linangoja. Lakini gia ya mapengo ina kasoro mbili. Jino la kwanza baada ya pengo hugonga kwa kishindo, na wakati mwingine jino hukutana na jino ncha kwa ncha, yakakwama. Tena gia ya pili ikiachwa bila kushikwa, inaweza kutangatanga mahali pasipo pake.

Njia ya pili ndiyo iliyoniteka moyo. Fundi wetu wa Jua Kali, ambaye nitamtaja tena punde, aliyaita magurudumu yake dereva na abiria, nami nitayaita hivyo hivyo. Dereva ana pini moja iliyosimama karibu na ukingo wake. Abiria ana mianya iliyokatwa kutoka ukingoni kuelekea katikati, kama keki iliyoanza kukatwa vipande ikaachwa. Dereva akizunguka, pini inaingia katika mwanya mmoja, inamsukuma abiria, inatoka. Ikishatoka, abiria anatulia mpaka pini irudi. Na ili asitikisike wakati wa kutulia, dereva ana kipande cha duara kinacholala ndani ya ukingo wa abiria uliochongwa kama mwezi mwandamo, kikamzuia asiende mbele wala nyuma.

Mtambo huu umepewa jina la mji wa Geneva huko Uswisi, kwa sababu watengenezaji wa saa waliutumia kuzuia spring'i ya saa isikazwe kupita kiasi. Abiria mwenye mianya minne anafanana na msalaba wa Malta, na hilo pia ni jina lake. Wale ambao babu zao waliwahi kuona gari la sinema likija kijijini wanaweza kuwasimulia jinsi picha zilivyotembea ukutani. Kumbe hazikutembea! Katika mashine nyingi za filamu ya milimita 35, dereva alizunguka mara 24 kwa sekunde, na kila mzunguko msalaba uliivuta filamu picha moja, kisha picha ikasimama kabisa mbele ya taa ili ionekane. Kuivuta kulichukua sehemu moja tu kati ya 96 za sekunde, na wakati huo kisetiri kilifunika mwanga. Siku hizi sinema nyingi huonyeshwa kwa mitambo ya dijitali, lakini mtambo wenyewe haujazeeka. Bado unafaa popote kitu kinapotakiwa kusogea hatua moja na kusimama.

Sasa turudi kwenye aibu yangu.

Katika maabara ya kompyuta kulikuwa na programu ya kuchora gia. Nikaifungua. Ikaniuliza: mianya mingapi? Umbali kati ya vitovu viwili? Unene wa pini? Msomaji, hukuwa na haja ya kujua lolote. Unaandika tarakimu, unabonyeza kitufe, na papo hapo magurudumu mawili yanatokea kwenye kiwambo na kuanza kuzunguka, laini kama mafuta. Niliita wenzangu waje waone. Walitoa mimacho. Mmoja akasema, "We! Huyu ni injinia tayari!" Nami kichwa kikavimba.

Nilichagua mianya mitatu. Kwa nini mitatu? Kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba mianya ikiwa michache, abiria hutulia kwa muda mrefu zaidi. Ni kweli. Mwenye mianya mitatu husogea dereva anapopita nyuzi 60 tu kati ya 360, na nyuzi 300 zilizobaki anatulia. Mwenye minne husogea kwa nyuzi 90 na kutulia kwa 270. Mwenye sita husogea kwa nyuzi 120 na kutulia kwa 240. Mpini wangu ungezungushwa mara moja kila sekunde 12. Kwa hivyo mianya mitatu ingenipa sekunde 10 za kujaza chupa na 2 za kusogea, ilhali mianya sita ingenipa 8 za kujaza na 4 za kusogea. Nikaona mimi ni mwerevu kuliko watu wote. Nikaweka umbali wa milimita 120 kati ya vitovu, nikachapisha, huyoo kwa fundi.

Fundi aliigeuza ile karatasi huku na huku. Mzee yule hajui kompyuta, lakini mikono yake inajua mbao. Akaniuliza, "Sasa binti yangu, hapa katikati ya abiria mianya imekaribiana sana. Ekseli itapita wapi? Na mbao itakayobaki itashika nini?" Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu kwa kiburi, "Usijali mzee. Kompyuta imepima." Akaniangalia kidogo, akacheka kidogo, akachukua msumeno. Akakata kama nilivyotaka.

Kabla ya maonyesho tulijaribu mashine yetu mara nyingi. Ilifanya kazi barabara. Tulijaribu kwa chupa tupu.

Siku yenyewe mama alinipa lita sita za maziwa lala ambazo angeziuza sokoni. Hakuniuliza lolote. Alisema tu, "Nenda mwanangu, ukarudi na cheti." Waamuzi walipofika mbele yetu, rafiki yangu akashika mpini, mimi nikasimama kando ya bomba na kijiti changu cha kuelekezea. Chupa ya kwanza ikajaa. Watu wakapiga makofi. Mpini ukazunguka, pini ikaingia katika mwanya, na hapo, lahaula! Meza iliruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu. Chupa ile iliyojaa ikapinduka, ikaiangusha ya pili, ya pili ikaiangusha ya tatu. Maziwa yakamrukia mwamuzi mmoja viatuni. Rafiki yangu kwa kutahayari akazidi kuzungusha, na tukasikia "ta!" Abiria alikuwa amevunjika pale pale katikati, mahali fundi alipopaonyesha kwa kidole.

Mwamuzi yule hakukasirika. Alipangusa viatu akaniuliza kwa upole, "Kwa nini mianya mitatu na si sita?" Nikatafuta jibu kichwani, sikupata. Nikasema, "Programu ilikubali, mwalimu." Akaniuliza tena, "Programu ilikubali. Maziwa nayo yalikubali?"

Lita zilizobaki tulizinywa ndani ya basi tukirudi. Sikuleta cheti nyumbani.

Tangu siku ile nimesikia maoni ya aina mbili hapa shuleni, na yote mawili yananikera. Kundi la kwanza linasema, "Mnaona? Kompyuta zinawaharibu watoto. Maabara ifungwe, warudi kwenye bikari na rula kama zamani." Kundi la pili linasema, "Ni bahati mbaya tu. Tununuliwe programu ya bei ghali zaidi, haitakosea." Mimi ninayapinga yote mawili, na nina haki ya kuyapinga, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwaga maziwa. Kompyuta haikuyamwaga. Programu ile haikukosea hata milimita moja. Niliiomba magurudumu ya mianya mitatu, ikanipa magurudumu ya mianya mitatu. Haikujua kwamba juu ya meza kutakuwa na chupa zilizojaa. Haikujua plaiwudi ni nini. Sikuiambia, na hata ningetaka kuiambia, mimi mwenyewe sikuwa nikijua.

Nilijuaje baadaye? Kwa kadibodi, msomaji. Mwalimu wetu wa Fizikia alinipa katoni kuukuu ya biskuti, pini mbili za ubao wa matangazo, bikari na kipimapembe. Akasema, "Usiguse kompyuta kwa wiki mbili. Nichoree mtambo wako hapa." Nilikasirika. Niliona ananirudisha chekechea. Lakini nikatii.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Ni ile ya Kidato cha Pili. Pini inapoanza kuingia katika mwanya, mkono wa dereva na mwanya wa abiria sharti vifanye pembe mraba. Hapo pini inateleza ndani bila kugonga, kama vile tanjenti inavyoligusa duara. Basi vitovu viwili pamoja na ile pini vinafanya pembetatu yenye pembe mraba, na kila mmoja wetu anajua la kufanya na pembetatu kama hiyo. Gawanya 180 kwa idadi ya mianya. Kwa mianya sita unapata nyuzi 30. Urefu wa mkono wa dereva ni umbali wa vitovu mara sini ya pembe hiyo. Nusu kipenyo ya abiria ni umbali huo huo mara kosini yake. Kwa umbali wa milimita 120, dereva anapata milimita 60 na abiria karibu milimita 104. Kwa mianya mitatu, pembe ni nyuzi 60, na tarakimu hizo mbili zinabadilishana nafasi: dereva karibu 104, abiria 60.

Sasa tazama kile fundi alichokiona bila kalamu. Pini inapozama kabisa, inafika umbali gani kutoka kitovu cha abiria? Toa mkono wa dereva katika umbali wa vitovu. Kwa mianya sita ni 120 toa 60, yaani milimita 60. Kuna mbao ya kutosha. Kwa mianya mitatu ni 120 toa 104, yaani milimita 16. Pini yangu ilikuwa na unene wa milimita 10, na nusu yake inakula milimita 5 zaidi. Zikabaki milimita 11 za mbao, na ndani ya hizo nilitaka kupitisha ekseli! Ni mwujiza kwamba haikuvunjika mapema.

Jambo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilizungusha dereva wangu wa kadibodi kidogo kidogo huku nikipima kwa kipimapembe abiria amefika wapi, nikajaza jedwali, kisha nikachora grafu. Abiria hasogei kwa kasi moja. Anaanza polepole, anaongeza kasi mpaka katikati, kisha anapunguza. Hilo ni jema. Lakini angalia tofauti. Dereva akipita nyuzi 20 za katikati, abiria wa mianya sita husogea nyuzi 19 na kidogo. Ni kama wanatembea sambamba. Dereva akipita nyuzi hizo hizo 20, abiria wa mianya mitatu anaruka nyuzi 91! Pale katikati anakwenda zaidi ya mara 6 ya kasi ya dereva. Wa mianya minne anafikia mara 2.4 hivi, na wa mianya sita mara 1 tu. Ule muda mrefu wa kutulia niliokuwa nikijivunia ulikuwa mkopo, na meza ililazimika kuulipa kwa mruko mmoja.

Yote haya yalikuwa ndani ya kile kichoro cha kompyuta tangu siku ya kwanza. Nilikiangalia kikizunguka kwa masaa. Macho yangu yaliona laini kama mafuta, kwa sababu kwenye kiwambo hakuna maziwa. Mkono wangu ulipoishika kadibodi ndipo ulipohisi ule mruko.

Na kuna jambo la tatu, ambalo ndilo hasa lililonifanya niliandikie jarida la Kiswahili na si ubao wa klabu ya sayansi. Yule fundi aliponiuliza swali lake, sikuwa na maneno ya kumjibu. Nilikuwa na majina ya Kiingereza niliyoyakariri kutoka kwenye programu, nikidhani kuyajua majina ni kukijua kitu. Nilipolazimika baadaye kumweleza mambo yale yale kwa Kiswahili, pini inaingia vipi, kwa nini mwezi ule umechongwa, nani anamzuia nani, niligundua mahali ambapo sielewi. Ulimi ulikwama pale pale akili ilipokwama. Yeye ndiye aliyesema, "Kumbe huyu ni dereva na huyu ni abiria, na abiria hashuki mpaka dereva amfikishe steji." Kwa sentensi moja alikuwa ameshika mtambo mzima. Kuna watu husema Kiswahili hakiwezi sayansi. Mimi nasema asiyeweza kumweleza fundi au mama yake kitu anachokichora bado hajawa tayari kukichora.

Je, nadai basi tuzitupe kompyuta? La hasha! Baada ya zile wiki mbili nilirudi maabara, na hapo ndipo nilipoiona faida yake kwa macho mengine. Kadibodi ilinichukua siku tatu kutengeneza mtambo mmoja. Katika kompyuta nilibadilisha umbali, unene wa pini na idadi ya mianya mara kumi kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Niliona mahali ambapo kile kipande cha kuzuia kingegongana na abiria, kosa ambalo kwa mkono ningeligundua plaiwudi ikiwa imeshakatwa. Tena nilichapisha kielelezo cha ukubwa halisi, fundi akakigandisha juu ya mbao na kukata kwa kufuata mstari. Sijui mtu awezaye kuchora mianya sita kwa usahihi ule kwa bikari ya shule, ile inayolegea kila baada ya duara mbili.

Na wala hatuhitaji programu ya bei ghali. GeoGebra ni ya bure kwetu wanafunzi, inaweza kuwekwa katika kompyuta na kutumika bila intaneti, na ndani yake unaweza kuuunda mtambo huu mwenyewe kwa nukta, duara na mistari. Hapo huwezi kubonyeza tu. Ni lazima uiambie pembe mraba iko wapi. FreeCAD nayo ni ya bure, na inafaa kwa yule anayetaka kuchora kitu kizima chenye unene. Tatizo letu si umaskini wa programu.

Basi napendekeza nini? Mambo manne, na ninawaomba walimu wetu wapendwa wayasome kwa hisani yao.

Mosi, yeyote anayetaka kuchora gia au mtambo wowote kwa kompyuta aje kwanza na mfano wa kadibodi, hata kama ni mbovu. Apime kwa mkono, ajaze jedwali, ajue kitu chake kinakwenda kasi wapi na polepole wapi. Kadibodi haina gharama. Duka la shule hutupa katoni kila wiki.

Pili, maabara ya kompyuta isifungwe siku za Jumamosi. Najua inafungwa kwa sababu baadhi yetu tunacheza michezo. Lakini mwenye kadibodi mkononi hakuja kucheza. Kadibodi hiyo na iwe ndiyo tikiti yake ya kuingilia.

Tatu, kila anayechapisha kielelezo achore kando yake mstari wa milimita 100, kisha aupime kwa rula kabla ya kwenda kwa fundi. Mara nyingi printa hupunguza mchoro kidogo ili uenee kwenye karatasi, na haikuambii. Mimi mstari wangu ulitoka milimita 96. Ningeukata vile, pini isingeingia mahali pake.

Nne, na hili linatuhusu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili: kila mradi wa sayansi wa shule hii uelezwe kwa Kiswahili mbele ya chama kabla haujapelekwa kwenye maonyesho. Sisi tutauliza maswali ya kijinga. Kuuliza si ujinga, na swali la kijinga ndilo lililoniangusha mimi.

Najua kuna watakaosema, "Huyu anaturudisha nyuma. Wenzetu wa ng'ambo wanachora kwa kompyuta tangu utotoni, sisi atukatishe katoni?" Jibu langu ni fupi. Sikusema tukae kwenye katoni. Nimesema tupitie hapo. Aliyepanda ngazi kwa kuruka vidato vya chini hakuwahi kufika mapema; aliwahi kuanguka mapema.

Mashine yangu ya pili ina mianya sita. Nilimpelekea fundi mchoro wake nikiwa nimeinamisha kichwa, nikamwomba radhi kwa lile jibu la mwaka jana. Akasema, "Yalishapita hayo. Ekseli tuiweke wapi?" Tukaiweka pamoja. Wakati wa likizo niliifunga jikoni kwetu. Ukizungusha mpini mara moja kila sekunde 15, meza inasogea kwa sekunde 5 na kutulia kwa 10, na hakuna tone linalomwagika. Mama alizijaza chupa sita, akazifunika, akasimama akiitazama kwa muda. Halafu akaniuliza, "Ni nzuri mwanangu. Lakini ukirudi shuleni, nani atazungusha mpini?"

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Kwa hiyo nimerudi kwenye kadibodi. Safari hii natafuta mahali pa kufunga mota ndogo, na sitaigusa kompyuta mpaka niweze kumweleza mama, kwa maneno yake mwenyewe, itakavyofanya kazi.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Anayetaka kunipinga, kurasa za jarida hili ziko wazi mwakani. Aje na hoja zake, na ikiwezekana aje na kadibodi yake.

Wasalaam.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu